Uamuzi wa Saa Nane Usiku: Mhadhara juu ya Wajibu wa Kila Mtu Kazini



Nimeombwa nizungumze juu ya uongozi. Hapa kwetu mtu akilitaja jambo hilo, macho yote huelekea Kindu kwa gavana, au Kinshasa kwa mawaziri, au angalau kwa msimamizi wa teritwari. Leo naomba tuyageuze macho. Tumwangalie mkunga aliye zamu Samba saa nane usiku. Tumwangalie kijana aliyekabidhiwa kizuizi kinachofungwa wakati wa mvua kwenye barabara ya Kabambare, na muuguzi wa Lusangi anayesoma kipimajoto cha jokofu la chanjo asubuhi na jioni. Nasema kwamba kazi zote za Maniema ya kusini husimama au huanguka mikononi mwa watu hao. Sisemi hivyo ili kuwapa moyo wanyonge. Jambo hili lilipimwa, na lilipimwa hapa hapa Kasongo.

Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, ilishirikiana na idara ya afya ya Zaire, Kongo ya leo, kuanzisha kazi iliyokuja kujulikana duniani kama Mradi wa Kasongo. Tatizo lake wazee waliopo hapa wanalikumbuka. Palikuwa na hospitali moja na madaktari wachache. Aliyeishi karibu alitibiwa hata mafua, na aliyeishi mbali alifia njiani. Jibu walilolitafuta watu wa mradi lilikuwa kusambaza vituo vya afya na kuvikabidhi kwa wauguzi wa ngazi ya chini, watu wenye masomo ya kadiri, wengi wao wenyeji. Muuguzi alipewa maelekezo ya maandishi yanayomwongoza hatua kwa hatua: ukiona dalili hii, uliza hili, ukijibiwa hivi, tibu, ukijibiwa vile, mpeleke hospitali. Alipewa dawa za kazi hiyo na kadi ya kila mgonjwa. Jambo kubwa kuliko yote, alipewa ruhusa ya kuamua. Daktari aliacha kuwa mtu wa kuagiza kila sindano, akawa mtu wa kuwatembelea wauguzi vituoni, kukaa nao na kuzipitia kadi pamoja nao.

Leo mpango huo ni wa kawaida kiasi kwamba tunadhani ulikuwepo tangu zamani. Haukuwepo. Mkutano wa Alma-Ata uliozitaka nchi zote zijenge huduma ya afya ya msingi ulifanyika Septemba 1978, na wakati huo Kasongo ilikuwa na miaka saba kazini. Katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zoni 306 za afya, na Kasongo ilikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizokwisha kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Sasa nchi ina zoni zaidi ya 500. Teritwari yetu ina Kasongo, Kunda na Samba; jirani zetu wana Kabambare, Lusangi na Saramabila. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti yake kubwa ya kuurudisha mjadala wa huduma ya msingi, aliyeisimamia, Wim Van Lerberghe, alikuwa mtu aliyewahi kufanya kazi hapa na kuandika kitabu juu ya vifo na ukuaji wa watoto wa mji huu.

Kuna kitu kimoja katika maandishi ya mradi ule ambacho napenda vijana wakijue. Mwaka 1981 jarida la Lancet la Uingereza, ambalo kila daktari duniani analiheshimu, lilichapisha utafiti kutoka Kasongo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa kati ya miezi 7 na 35. Makala hayo yalijadiliwa kwa miaka mingi na wataalamu waliokubali na waliopinga. Lakini ukitafuta jina la mwandishi hulioni la mkubwa yeyote. Imeandikwa tu kwamba ni Kikundi cha Mradi wa Kasongo. Nadhani haukuwa unyenyekevu. Ilikuwa hesabu ya haki, kwa maana aliyemkuta mtoto nyumbani, akaandika tarehe ya chanjo, kisha akarudi kuandika tarehe ya kifo, hakuwa profesa.

Sasa nifike kwenye utafiti ninaouona kuwa mkubwa kuliko wote waliouacha, ingawa watu wachache hapa mjini wameusikia. Kikundi kile kilijiuliza: je, katika kliniki ya wajawazito tunaweza kumtambua mapema mwanamke ambaye mtoto atamkwama njiani, tukampeleka hospitali kabla ya uchungu? Jibu likiwa ndiyo, basi uamuzi mgumu utafanywa mchana, kwa orodha, mbele ya daktari. Walipima vitu rahisi ambavyo muuguzi msaidizi anaweza kuviangalia: urefu wa mama, idadi ya mimba, historia ya uzazi wake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1984. Miongoni mwa wanawake ambao mtoto aliwakwama, takriban saba katika kila kumi historia yao ya uzazi haikuwa imewaonyesha. Na miongoni mwa waliotiwa alama ya hatari, tisa katika kila kumi walijifungua bila kukwama.

Naomba tusiupite upesi ukweli huo. Maana yake ni kwamba orodha ya mkubwa, hata ikiandikwa kwa akili na nia njema, haiwezi kumaliza kazi. Ukiwapeleka hospitali wote waliotiwa alama, utaijaza kwa watu wasio na shida. Ukibaki umetulia kwa sababu wengine hawakutiwa alama, utawazika. Shida inajionyesha mwanamke akiwa tayari katika uchungu, mara nyingi usiku, mbele ya mtu mmoja tu anayejua kusoma dalili zake. Mtu huyo ni mkunga wa kituo. Hakuna daktari wa Kasongo, wala waziri wa Kinshasa, wala mfadhili wa Ulaya awezaye kuamua kwa niaba yake saa ile. Takwimu hizo za Kasongo zilitajwa mara nyingi katika mjadala wa dunia juu ya vifo vya uzazi, hadi wataalamu wakaacha kutegemea orodha ya mama wa hatari, wakakubali kwamba kila mjamzito anaweza kupata shida na kila mmoja anahitaji mtu wa kumwangalia.

Kumwangalia namna gani? Kuna karatasi ya kufuatilia uchungu, inaitwa partogramu. Madaktari Philpott na Castle waliitengeneza huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mwaka 1972 kwa mazingira yanayofanana na yetu, mkunga akiwa kituoni na daktari akiwa mbali. Mkunga husikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa, hupima njia ya uzazi kila baada ya saa nne, na kila akipima hutia alama. Kuna mstari wa tahadhari na, mbele yake kwa saa nne, mstari wa kuchukua hatua. Alama zikiuvuka wa kwanza, mama aanze kuandaliwa safari, kwa sababu zile saa nne zimewekwa kwa ajili ya barabara. Kwa walio ng'ambo ya Lualaba wanaotakiwa kuvuka mto kwa mtumbwi, saa nne si nyingi.

Wapo wanaoijaza karatasi hiyo baada ya mtoto kuzaliwa, alama zote kwa mara moja, zimenyooka kama zilivyochorwa kitabuni. Kila mtu aliyefanya kazi vituoni anajua hivyo. Karatasi ya namna hiyo humpendeza mkaguzi na haimsaidii mama yeyote. Mkunga aliyeijaza kwa saa zake, hata kwa mwandiko mbaya, hata kwa kalamu inayokata wino, ndiye ninayemwita kiongozi. Na uongozi wake hauishii kwenye karatasi. Anaona alama zimevuka mstari; nje wamekaa wakwe, wanataka kumsubiri mjomba kwanza, au hawana pesa ya mafuta ya pikipiki, au wanasema mwanamke huyu amefanya jambo alilolificha na anapaswa kuungama kwanza. Mkunga ana umri wa miaka ishirini na sita na wakwe ni watu wazima. Lazima aseme nao kwa heshima, awaite baba na mama, na papo hapo asilegee. Sijui kazi yoyote katika ofisi zetu inayodai uongozi kuliko hiyo.

Jokofu la chanjo nalo lina mambo yake. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Zamani majokofu yalikuwa ya mafuta ya taa, na kama utambi haukupunguzwa vizuri moto ulitoa moshi na baridi ikapotea; sasa mengi ni ya jua, na sahani zake zinataka kufutwa vumbi. Muuguzi huandika digrii mara mbili kwa siku. Chanjo ya surua ikishachanganywa na maji yake, baada ya saa sita hutupwa, hata kama dozi zimebaki na akina mama wawili bado wako njiani. Mara nyingi asiyeitupa hatampa mtoto sumu inayoonekana pale pale. Atampa sindano isiyo na kinga au yenye vijidudu, na mama atarudi nyumbani akishukuru. Hakuna atakayemkamata. Daktari mkuu wa zoni ataona tu karatasi yenye namba nzuri, na surua ikilipuka mwaka unaofuata, lawama itaangukia chanjo, au serikali, au Wazungu. Kwa hiyo mtu anayeketi Ijumaa na kujaza digrii za wiki nzima kwa kukisia, nasema waziwazi, anafanya uovu, hata kama mshahara wake haujafika.

Nimetaja mshahara na nitaurudia, maana bila hilo mhadhara huu hauna haki. Lakini kwanza tujiulize kwa nini kwetu ni vigumu mtu kuifanya kazi vizuri asipotazamwa. Wapo wanaosema ni tabia ya watu wa huku. Mimi nakataa. Sababu iko katika historia yetu. Kasongo ya Tippu Tip na mwanawe Sefu, ile ambayo magofu yake yako Tongoni, ililima mpunga uliotufanya tujulikane hadi leo, na waliolima wengi wao walikuwa watumwa. Aprili 1893 majeshi ya Dhanis, ofisa wa Dola Huru ya Kongo, yaliingia, na bwana akabadilika. Jasho likabaki la watu wale wale. Mwaka 1917 ukaja ulazima wa pamba, ulioanzia katika sehemu hizi zetu kabla ya kuenea Kongo nzima, pamoja na kapita wa kuhesabu mashamba. Baadaye Mobutu akaleta salongo, kazi ya umma ya lazima. Kwa zaidi ya miaka mia, mtu aliyefanya kazi kwa bidii bila kuangaliwa alikuwa akimtajirisha mwingine, na aliyejifanya mgonjwa alikuwa akiilinda familia yake. Kule Msumbiji wakulima walizipika mbegu za pamba kabla ya kuzipanda, kisha wakawaambia wakubwa kwamba ardhi haifai. Ilikuwa akili, na ilikuwa ujasiri. Shida ni kwamba akili hiyo tumeirithi na kuipeleka mahali pasipostahili. Chati ya jokofu si shamba la pamba la kampuni. Mtoto anayechomwa sindano ni wa jirani yako. Bado tunaiita kazi ya Leta, yaani ya serikali, kana kwamba Leta ni mgeni anayekaa kwenye nyumba yenye bendera, na kumbe aliyelala kitandani pale kituoni ni shangazi yako.

Kabambare nayo ina habari yake, ya zamani zaidi. David Livingstone alifika huko, akipaita Bambarre, mwaka 1869. Juni 1870 alipotaka kuondoka kuelekea Lualaba, watu wake karibu wote walimwacha. Waliobaki naye walikuwa watatu, Susi, Chuma na Gardner. Sitaki kuwasifu kwa kumtii Mzungu. Nataka tuangalie walichofanya alipokwisha kufa, mwaka 1873, huko Chitambo katika Zambia ya leo. Bwana hakuwepo tena, wala wa kuwalipa, wala wa kuwaadhibu. Wangeweza kumzika pale pale na kutawanyika. Walikaa baraza, wakawachagua Susi na Chuma wawaongoze, wakaukausha mwili, wakaandika orodha ya vitu vyake vyote, wakaanza kutembea. Unyanyembe, karibu na Tabora, walimkuta Luteni Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Akawashauri wauzike mwili huko huko. Wakakataa. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Hapo walilipwa ujira wao wakaachiwa waende. Mwili ulizikwa London Aprili 1874, na Susi na Chuma hawakuwepo mazikoni. Walipelekwa Uingereza baadaye, wakasaidia kuyafafanua madaftari ya marehemu yaliyochapwa mwaka huo huo.

Katika habari hiyo kinachonivutia ni kule kukataa. Ofisa mwenye cheo alisema zikeni, na wapagazi wakasema hapana, kwa sababu walijua walichojikabidhi wenyewe. Wako wanaofikiri kwamba kufundisha wajibu ni kufundisha utii. Mtu anayewajibika kuna siku lazima amkatalie mkubwa wake: dereva anapoambiwa apakie mifuko juu ya wagonjwa, karani anapoambiwa atie sahihi vocha ya semina isiyofanyika, mwalimu anapoambiwa aongeze alama za mtoto wa mkubwa. Na hapo ndipo mnaponijibu: akikataa atafukuzwa. Ni kweli, mara nyingi atafukuzwa. Ndiyo maana mtu mmoja peke yake hatoshi, na ndiyo maana kamati ya afya ya eneo na kamati ya wazazi shuleni zina kazi ya kumsimamia mtumishi aliyesema hapana kwa haki. Kamati inayonyamaza siku hiyo imemtupa mtu wake.

Kuhusu barabara nitasema machache. Kamati za matengenezo zimewapa wanavijiji vipande vya njia: kuzibua mifereji, kukata nyasi, kufunga kizuizi mvua inaponyesha mpaka udongo ukauke. Lori moja likipita kwenye matope linaacha mashimo ambayo vijana wa kijiji watayafukia kwa majembe wiki nzima. Dereva anayetoa noti chache ili afunguliwe, na kijana anayezipokea, wote wawili wanaiuza safari ya mgonjwa wa kesho. Vivyo hivyo machimboni Saramabila, fundi wa kupanga miti inayoshikilia shimo ana roho za wenzake mikononi; mti mbovu mmoja alioupitisha ili kuokoa nusu siku unaweza kuwafukia wote waliomo.

Sasa mshahara. Kuna msemo unaopendwa sana ofisini, kwamba samaki huanza kuoza kichwani. Wengi huutumia kupata ruhusa ya kwenda nyumbani mapema. Lakini hata mimi sitaki kuugeuza niwaambie wa chini kwamba kila kitu ni juu yao. Katika nchi yetu wauguzi wengi hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali. Wanaishi kwa kile kinachobaki katika kisanduku cha kituo baada ya kununua dawa. Walimu nao wako wanaofundisha miaka na namba zao hazijaingia katika orodha. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure Septemba 2019, jambo jema kabisa kwa wazazi, mwalimu asiye kwenye orodha alibaki mikono mitupu, kwa maana mchango wa wazazi ndio uliokuwa ukimlisha. Kumdai mtu huyo moyo wa kujitolea, mwaka hadi mwaka, ni kumwibia. Na huko Saramabila na vijiji vya jirani, bunduki zinapolia, watu wa mashirika huondoka na magari yao. Muuguzi mwenyeji hubaki, au huingia msituni pamoja na wagonjwa. Akirudi anakuta godoro limeibwa na anaulizwa ripoti ya mwezi iko wapi.

Turudi kwenye mpango wa 1971, maana hapo ndipo wakubwa wanapopaswa kusoma wajibu wao. Muuguzi wa kituo hakuambiwa tu kwamba sasa wewe ni mwenye wajibu. Alipewa maelekezo yaliyoandikwa vizuri, dawa, hospitali iliyokuwa tayari kumpokea mgonjwa aliyemtuma, na daktari aliyekuja kumtembelea kwa ajili ya kumfundisha. Wajibu aliokabidhiwa ulikuwa na miguu ya kusimamia. Leo mara nyingi tunashusha wajibu peke yake, kisha tunapeleka wakaguzi. Daktari wa zoni anayefika kituoni, akapiga picha ya ukuta uliopasuka, akasaini daftari na kuondoka bila kufungua kadi hata moja pamoja na muuguzi, hajasimamia kitu. Bora angeacha mafuta ya pikipiki yake kwa ajili ya wagonjwa.

Nina maombi, kisha nitawaachia nafasi ya maswali. Kwenu wakuu wa zoni sita za Kasongo na Kabambare: mkimtembelea mkunga, mkae naye muda wa kutosha kuipitia partogramu moja ya kweli, hata iwe na makosa, na msimwadhibu kwa makosa aliyoyaandika kwa ukweli, maana mkimwadhibu mwezi ujao atawaandikia uongo uliopambwa. Kwenu wanakamati: bandikeni mlangoni mwa kituo, kila mwisho wa mwezi, kiasi kilichoingia, kilichonunua dawa, na kilichogawiwa wafanyakazi, ili mwanakijiji asiyejua kusoma asomewe na mwanawe. Hilo halihitaji mfadhili. Kwenu wabunge wetu wa Maniema, wa Kindu na wa Kinshasa: orodha ya wauguzi na walimu wasiolipwa iko tayari katika kila zoni na kila shule, majina na tarehe za kuanza kazi, ichukueni, mkaisome kwa sauti bungeni kabla bajeti ijayo haijapitishwa. Na kwako mkunga utakayeingia zamu usiku huu: usingoje asubuhi ndipo utie alama.